Geti Lina Historia

Ukienda kumtembelea mtu kwenye mitaa ya matajiri, soja atakuuliza jina, kitambulisho na unamwona nani. Ukuta una waya za stima, na kamera inakuangalia. Tunadhani haya ni mambo ya juzi. Zii. Huku Kabazi, geti lilikuja kabla ya ukuta.

Subukia na Solai zilikuwa ndani ya nyanda za juu za Wazungu. Mwaka 1939 amri kutoka London iliweka mpaka wake rasmi. Mwafrika aliruhusiwa kuingia kufanya kazi, si kumiliki shamba. Tangu miaka ya 1920, mwanaume wa miaka 16 na zaidi alibeba kipande ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Maskwota walilipia makao kwa jasho: sheria ya 1918 iliwadai siku 180 za kazi kwa mwaka, na ya 1937 ikaruhusu hadi 270.

Shida ya mpangilio kama huu ni kwamba mtu unayemwogopa ndiye anayekupikia. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Januari 1953 familia ya Ruck iliuawa Kinangop, pamoja na mtoto wao mdogo. Masetla wakawa wanakula bastola ikiwa mezani, na wapishi wanatolewa nje kabla ya giza. Maskwota Wakikuyu kwa maelfu walifukuzwa Bonde la Ufa, hata wasio na kosa lolote. Wengine walirudishwa "kwao" Mkoa wa Kati, mahali ambapo hawakuwahi kuishi. Hofu ya Mzungu ilijaa magazetini. Hofu ya yule aliyepakiwa kwenye lori na watoto wake, nani aliiandika?

Uhuru ulikuja 1963. Mashamba mengine yaligawanywa, mengine yakabadilisha mwenyewe tu. Na geti likabaki na swali lake lile lile: nani anaingia? Halijawahi kuuliza ni nini kinatoka.

Usiku wa Mei 9, 2018, jibu lilitoka Solai. Bwawa la Patel, lililokuwa ndani ya shamba kubwa la kahawa na maua, lilipasuka. Maji yakashukia nyumba za watu wa chini. Watu wasiopungua 47 walikufa, watoto wakiwemo.

Kwa hivyo ukisikia tena mwenye nyumba akisema mtaa unahitaji ukuta mrefu zaidi kwa sababu ya "watu wa huko nje", muulize: huko nje, wao wanalala wakiogopa nini?