Uani kwa Wapangaji

Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, Tanga, haina fumbo: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Ramani hiyo ilisafiri na misafara, kisha na reli, mpaka Tabora na Ujiji. Iliwafaa wapangishaji kwa kuwa kila chumba kina mlango wake ukumbini. Mwenye nyumba akijibakishia kimoja, vitano vinamwingizia. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, haja ya fedha taslimu iliongezeka. Reli na mashamba ya mkonge nayo yakaleta wageni waliotafuta pa kulala.

Chumba kilikuwa cha kulala tu. Maisha yalikuwa uani, penye kisima, jiko, choo na karo la kufulia, na mimi niliyelelewa katika chumba cha kupanga naona hapo ndipo kodi yetu ilipokwenda. Mama aliamka kabla ya adhana ili awahi karo. Aliyechelewa alikuta makarai ya wenzake yameshapanga foleni, vipande vya sabuni ya mche ndani yake. Kamba ya ukutani, inayopata jua mapema, ilikuwa ya mama mwenye nyumba, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nguo za ndani zilianikwa chini ya kanga, maana wanaume wa nyumba nzima walipita pale kwenda chooni. Mvua ikianza, aliyekuwepo alianua za wote. Na wawili wakinuniana, kanga ilitandazwa kambani, jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, likielekea mlango wa anayesemwa. Naye alinyamaza, kwa kuwa nguo imefuliwa tu na imeanikwa.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Maghorofa ya mjini yalikwenda. Nyumba za udongo na mabati hazikufikia bei hiyo, kwa hiyo upangishaji wa chumba kimoja kimoja ukabaki mikononi mwa watu wa kawaida, wakiwemo akina mama wajane walioishi kwa kodi ile.

Sasa dalali anasifia nyumba kwa maneno mengine: maji ndani, luku yako peke yako, pa kuweka mashine ya kufulia. Wanawake wanazikimbilia na nawaelewa vizuri; kufua bila kutazamwa ni haki ambayo mama yangu hakuwahi kuipata. Lakini makaro yanavunjwa kila mwezi ili kupisha vyoo vya ndani. Wanaopima na kupiga picha majengo ya Kijerumani ya Tanga, nawaomba wavuke reli waingie Ngamiani, wapime na uani, wawaulize wapangaji wazee kamba ipi ilikuwa ya nani.