TJRC ni nini, na mbona ripoti yake bado inakula vumbi?

Uliza wazee wa Mayoni kuhusu enzi za Nyayo uone vile sauti hushuka, kama bado kuna karao dirishani. Wewe umezaliwa Moi akiwa ashaenda, basi tuanze mwanzo.

Tume ya ukweli ni jopo ambalo nchi huunda ikishatoka kwa utawala wa mabavu. Si korti, haifungi mtu. Inaskiza walioumizwa, inaandika nani alifanya nini, inapendekeza nani alipwe na nani ashtakiwe. Ya Afrika Kusini, chini ya Askofu Tutu, ndiyo maarufu. Lakini kati ya zile za kwanza kabisa ni ya hapa jirani Uganda: 1974 Idi Amin aliunda tume ichunguze watu waliopotea chini ya serikali yake mwenyewe. Ikaandika ripoti, na wasee wakaendelea kupotea.

Yetu ni Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, yaani TJRC. Sheria yake ilipita 2008 baada ya ile noma ya uchaguzi. Iliambiwa ichunguze kuanzia Disemba 12, 1963 hadi Februari 28, 2008, kwa hivyo Jomo, Moi na Kibaki wote wako ndani. Wakenya zaidi ya 40,000 waliandikisha stori zao: seli za Nyayo House, mashamba yaliyonyakuliwa, watoto hawakurudi nyumbani. Kama shosh yako aliandikisha yake, iko kwa hizo faili.

Shida ilianzia kwa kiti. Mwenyekiti Bethuel Kiplagat alikuwa katibu mkuu wizarani enzi za Moi, na alihudhuria mkutano wa maafisa Wajir siku chache kabla ya mauaji ya Wagalla, Februari 1984. Alikana kuhusika. Hata hivyo, hebu fikiria umetoka Wajir kutoa ushahidi na huyo ndiye bosi wa tume. Alikaa kando 2010, akarudi 2012.

Ripoti ilimfikia Uhuru Mei 21, 2013. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia sahihi sura ya ardhi, wakisema ilibadilishwa kwa presha ya Ikulu. Sheria ilitaka utekelezaji uanze ndani ya miezi 6. Kabla mwaka uishe, Bunge likaibadilisha, eti lazima lijadili kwanza. Mpaka leo halijaipitisha.

Machi 2015 Uhuru aliomba msamaha na kuahidi hazina ya bilioni 10. Waathiriwa bado wanangoja hiyo doo. Korti angalau ilisonga: 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa Nyayo House wafidiwe.

Sasa shika hili. Msee aliyeongoza jopo la 2003 lililosema Kenya inahitaji tume ya ukweli ni profesa Makau Mutua. Agosti 2025, Ruto alimpa Mutua huyo huyo kazi ya kuratibu fidia za wahasiriwa wa maandamano tangu 2017.