Mashimo Matano ya Downton

Ukiifungua hedi ya injini ya Mini ya zamani na kuilaza ubavu, utahesabu mashimo matano. Mawili yanaingiza hewa na petroli, matatu yanatoa moshi. Injini ina silinda nne, kwa hiyo lazima kuwe na kugawana: kila shimo la kuingizia linalisha silinda mbili, na shimo la moshi la katikati linatumiwa na silinda mbili za ndani. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Maana yake silinda mbili jirani huvuta hewa moja baada ya nyingine kupitia mlango uleule, kisha mlango huo hukaa kimya hadi zamu yao irudi. Zinagombania pumzi moja.

Injini hiyo, ya ukoo unaoitwa A, ilitoka mwaka 1951 ndani ya Austin A30 ikiwa na cc 803 tu. Iliendelea kutengenezwa hadi Mini ya mwisho mwaka 2000. Katika nusu karne hiyo pengine ni hedi chache zilizochongwa na mafundi wengi kuliko hii, na ndiyo inayosimulia vizuri zaidi mvutano wa mkono na mashine katika kazi ya kupanua njia za hewa.

Dereva aliyewahi kuunguza gasketi anaijua hedi kama bonge la chuma linalopelekwa kwa fundi kusawazishwa uso. Ndani yake hapaoni. Huko ndiko kwenye kona, kwa sababu hewa inaingia kwa ubavu na lazima ikunje shingo kuelekea chini kabla ya kupita pembeni mwa valvu. Pistoni inaweza kuvuta inavyotaka, lakini itapata kile tu ambacho kona hiyo imekubali kupitisha.

Mwingereza Harry Weslake, aliyezaliwa Exeter mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuifanya hewa hiyo kuwa kitu cha kupimwa. William Lyons, mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyokuja kuitwa Jaguar, alimwita katika miaka ya 1930 ili aibadilishe injini ya Standard ya lita 2.7 iliyokuwa na valvu za ubavuni. Weslake aliipa hedi mpya yenye valvu za juu, na gari lililozinduliwa mwaka 1935 likawa na zaidi ya nguvu farasi 100. Austin nao walimwendea. Chumba cha kuwakia cha injini ya A, chenye umbo la moyo, ni kazi yake.

Lakini kiwanda kinatengeneza kwa maelfu, na chuma kinachomiminwa kwenye kalibu ya mchanga hakitoki sawasawa. Kiini cha mchanga kinachoacha uwazi wa njia ya hewa husogea kidogo, ukuta mmoja ukawa mnene na mwingine mwembamba, na hapo nyuma ya kiti cha valvu pakabaki ukingo unaoizuia hewa. Kasoro hiyo ndiyo iliyompa kazi Daniel Richmond.

Richmond na mkewe Bunty waliendesha karakana ya Downton Engineering katika kijiji cha Downton, karibu na Salisbury. Mini ilipotoka mwaka 1959, hedi zao zikawa gumzo, na BMC, kampuni iliyotengeneza Mini yenyewe, ikamchukua Richmond kuwa mshauri wake. Januari 1964 dereva Paddy Hopkirk alishinda mbio za rali za Monte Carlo kwa Mini Cooper S ya cc 1071, dhidi ya magari yenye injini kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Baada ya hapo, mwenye Mini alijua kwamba injini ndogo haikuwa tena kisingizio.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Fundi anashika grainda ndogo yenye jino la kabaidi, anaanzia kooni, chini kidogo ya kiti cha valvu, na kuufuta ule ukingo. Halafu anageukia kona ya ndani, mahali padogo penye thamani kuliko pote: akiikata kwa pupa, hewa inashindwa kufuata mzingo na kujitenga na ukuta. Kila baada ya muda anazima mashine na kuingiza kidole. Jicho halifiki huko, kwa hiyo kidole ndicho kinachomwambia kama njia hii inafanana na ile ya jirani. Nyuma ya ukuta huo kuna maji ya kupoza injini. Milimita moja iliyozidi inaweza kutoboa, na hedi ikawa chuma chakavu.

Elimu ya namna hii ilipita kutoka mkono hadi mkono. Jan Odor, mzaliwa wa Hungaria, alitoka Downton akaanzisha Janspeed mwaka 1962. Richard Longman, aliyepitia karakana zote mbili, alitwaa ubingwa wa mbio za magari ya saluni Uingereza mwaka 1978 na 1979 kwa Mini 1275 GT, yenye mashimo yaleyale matano.

Hata hivyo mikono ilikuwa na upofu wake. Wengi waliabudu mng'ao: walisugua njia ya hewa kwa msasa mpaka ikawa kama kioo, na mteja akaridhika kwa kuitazama. Wengine waliamini upana. Mwaka 1970 Ford ilitoa Marekani injini ya V8 ya 351 Cleveland, na hedi zake za kabureta ya midomo minne zilikuwa na njia kubwa ajabu. Kwenye mizunguko ya juu zilinguruma vizuri. Chini, hewa ilizubaa. Anayejua mkondo wa bahari anaelewa: maji hukimbia yakibanwa baina ya miamba, na yakifika penye upana hutulia. Wana mbio walifika mahali pa kujaza sakafu za njia hizo kwa gundi ngumu ili kuzipunguza.

Kilichotibu upofu huo ni benchi ya kupimia mtiririko wa hewa. Weslake alikuwa na vifaa vya namna hiyo zamani, lakini katika miaka ya 1970 SuperFlow ya Marekani ilianza kuuza benchi ambazo hata karakana ndogo iliweza kuzimiliki. Hedi inafungwa juu, hewa inavutwa kwa shinikizo linalojulikana, mara nyingi inchi 28 za maji, na valvu inafunguliwa hatua kwa hatua huku namba zikiandikwa. Fundi anabandika udongo laini mahali fulani, anapima. Anaubandua, anapima tena. Mara nyingi aligundua kwamba saa tatu za kung'arisha hazikuongeza kitu, na dakika kumi kwenye kona ya ndani ziliongeza sana. Hapa, kuliko siku mashine ya kompyuta ilipoingia, ndipo historia ya ufundi huu ilipogeuka, kwa kuwa namba ilianza kusahihisha mkono.

Mashine ilikuja baadaye kuchukua kilichokwisha kuthibitishwa. Ukataji wa chuma unaoongozwa na namba ulionyeshwa hadharani katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, kwa mashine ya mihimili mitatu, lakini mitatu haitoshi kwa njia inayopinda. Ilihitajika mihimili mitano, na jino la duara kwenye shingo nyembamba, linaloingia upande wa manifoldi mpaka kati, kisha upande wa valvu mpaka likutane na kazi yake. Penye makutano hubaki mshono mwembamba, na ukutani mistari midogo sambamba kama shamba lililolimwa kwa plau.

Magari mawili yanaonyesha jinsi mambo yalivyopishana. Integra Type R ya mwaka 1995 ilitoka kwenye kiwanda kikubwa cha Honda, lakini njia zake za hewa zilimaliziwa kwa mikono ya mafundi. Ikatoa nguvu farasi 200 kutoka lita 1.8. Corvette Z06 ya mwaka 2006 ilikuwa kinyume: injini yake ya LS7, lita 7 na nguvu farasi 505, iliunganishwa kwa mikono huko Wixom, Michigan, huku njia za hedi zikikatwa zote kwa mashine ya kompyuta. Silinda nane zikapata njia nane zinazolingana kwa kiwango ambacho mkono, ukichoka jioni, hauwezi kuahidi.

Mashine nayo ina udhaifu wake. Inakata kwa vipimo ilivyopewa, na haijui kama kiini cha mchanga kilisogea kiwandani. Upande mmoja inaweza kuacha ngozi ya kalibu, mwingine ikakaribia maji.

Ndiyo maana katika karakana nyingi umbo la kwanza bado linatafutwa kwa grainda, udongo na benchi. Fundi akiridhika na njia moja, hedi inafungwa kwenye mashine, na kijiti chenye kidonge cha yakuti nchani kinaingia kuzigusa kuta zake, nukta baada ya nukta, kikinakili kila mzingo aliouacha. Kisha jino la kukatia linapachikwa, na hedi tupu inawekwa mezani.