Sindano Isiyo na Dawa: Vile Televisheni Ilitujengea Tabibu wa Akupancha

Leo siasa inapumzika. Leo ni shosho yangu, drama za Kikorea, na uongo mmoja mtamu ambao televisheni imeuza zaidi ya miaka 50.

Desemba nilikuwa ushago. Jioni shosho alikuwa anakaa karibu nami tunatazama Live Up to Your Name, ile drama ya 2017 ambapo tabibu wa sindano wa zamani sana, enzi za ufalme wa Joseon, anajikuta ghafla Seoul ya leo, katikati ya magari na hospitali kubwa. Mimi nilikuwa namtafsiria maandishi ya chini. Mtu anazirai, tabibu anatoa sindano, anadunga, mtu anafungua macho. Shosho akaniuliza, "Hebu niambie baba, hiyo sindano iko na dawa gani ndani?"

Nikamwambia haina dawa. Ni chuma kitupu, chembamba kama unywele.

Akafikiria. "Basi dawa ni huyo mtu."

Manze, hilo jibu lilinikalia kichwani, kwa sababu hivyo ndivyo televisheni inavyomchora tabibu wa akupancha: si mtu mwenye kazi, ni mtu mwenye nguvu.

Wakorea wenyewe wana sababu ya kumpenda hivyo. Huyo shujaa wa drama, Heo Im, aliishi kweli. Heo Jun pia aliishi, yule aliyeandika Dongui Bogam, kitabu kikubwa cha tiba kilichochapishwa 1613. Drama ya maisha yake, iliyoonyeshwa kati ya 1999 na 2000, ilivuta zaidi ya asilimia 60 ya watazamaji huko Korea Kusini. Na ukiangalia vizuri, hadithi karibu zote ni moja: mtoto wa tabaka la chini anapanda hadi chumba cha mfalme kwa sababu mikono yake inajua kitu ambacho watoto wa wakubwa hawajui. Sindano pale ni ngazi. Tena Korea leo tabibu wa jadi anasoma chuo kikuu miaka sita na kupewa leseni, kwa hivyo mtazamaji wa kule anajua huyu ni mtu wa kawaida, pengine ni jirani yake. Sisi huku tunaona miujiza tu.

Marekani walimchora tofauti. Kwa tamthilia zao huyu ni Mchina mpole asiye na maisha yake mwenyewe. Kwenye Sex and the City, Charlotte anatafuta mtoto, anapelekwa kudungwa sindano. Hadithi ni ya Charlotte. Daktari ni kama kiti cha kliniki, kipo tu. Halafu kuna zile vichekesho ambapo mtu anatoka nje na sindano usoni kama nungunungu. Hizo naziruka, hazina la maana.

Kitu kimoja wote wanakipenda ni "hekima ya miaka maelfu." Hapo ndipo historia inaharibu picha. Mwaka 1822 mfalme Daoguang wa China aliamuru akupancha iondolewe kwenye taasisi ya tiba ya ikulu. Ndiyo, China yenyewe. Na 1929 serikali ya Kuomintang ilipelekewa pendekezo la kuifuta kabisa tiba ya jadi, matabibu wakaandamana na kulipinga. Aliyekuja kuinua tiba hiyo baadaye ni serikali ya Mao, ambayo ilikuwa na watu wengi mno na madaktari wachache mno. Yaani hiyo mila isiyokatika ilikatwa, ikashonwa upya.

Sasa tuje kwa uongo wenyewe. Julai 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, aliugua akiwa Beijing. Akapasuliwa, kidole tumbo kikatolewa. Ukiuliza watu leo, watakuambia alipasuliwa kwa sindano za akupancha bila ganzi. Hapana! Yeye mwenyewe aliandika kwamba alidungwa dawa ya ganzi ya kawaida ya hospitali. Sindano za akupancha zilikuja baada ya upasuaji, tumbo lilipojaa na kumsumbua: tatu, kwenye kiwiko na chini ya magoti. Akasema alipata nafuu. Basi. Hiyo ndiyo habari yote.

Lakini habari ndogo haijazi skrini. Februari 1972 Rais Nixon akaenda China na msururu wa kamera nyuma yake, na wageni wakaonyeshwa upasuaji wa akupancha. Mwaka huohuo Mwitaliano Michelangelo Antonioni alirekodi filamu yake ya televisheni, Chung Kuo, na ndani kuna mama anapasuliwa ajifungue, sindano mwilini, macho wazi. Picha kama hiyo ukishaiona, nani atakuambia uulize ni nini kingine amepewa?

Hilo swali lilichelewa sana. Mwaka 2006 BBC ilionyesha kipindi cha Profesa Kathy Sykes kuhusu tiba mbadala. Msichana Shanghai anapasuliwa moyo akiwa macho, sindano zikionekana badala ya nusukaputi. Watu wakashika mdomo. Kisha mwandishi wa sayansi Simon Singh akafuatilia, na kumbe mgonjwa alikuwa amepewa midazolam na fentanyl, dawa nzito za kutuliza, pamoja na ganzi nyingi iliyodungwa kifuani. Miaka 35 baada ya Reston, kosa ni lilelile: kamera inakaa kwa sindano, dripu iko pembeni.

Na cha kuudhi ni kwamba ukweli wenyewe ungetosha kutengeneza kipindi kizuri. Wajerumani walichapisha utafiti 2007, watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliopata akupancha halisi, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliopata matibabu ya kawaida, 27.4. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, waliodungwa juujuu mahali pasipofaa, wakidhani ni akupancha, na hao walikuwa 44.2. Hebu soma tena hizo namba. Karibu sawa! Shosho alikuwa amekaribia: pengine dawa kubwa ni huyo mtu, muda anaokupa, mkono wake.

Lakini maumivu ya mgongo si presha.

Januari mama akanipigia. Kuna mtu wa sindano mjini alikuwa amemwambia shosho akienda mara kumi, vidonge vya presha aachane navyo. Na ameshaachana navyo, wiki ya pili hiyo, amevificha kwenye mkebe wa majani chai. Nilimpigia nikiwa na hasira, akanijibu kwa upole kabisa, "Si tuliona pamoja? Si ni wewe ulikuwa unanisomea?"

Nilipanda matatu Jumamosi. Tulikubaliana mgongo aende akadungwe akipenda, pesa nitatuma. Vidonge vimerudi mezani, kando ya rimoti.