Toka Alunguli mpaka Yangambi

Wenzangu, mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya juu nilikodi chumba ng'ambo, Kasuku. Jioni nilishuka kando ya Lualaba kuangalia kwetu Alunguli. Pirogi zilikuwepo, ila franga za kuvuka kila siku, hapana. Nililalamika sana.

Kumbe wakubwa wetu walienda mbali zaidi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha iniversite tatu, ya Kinshasa, ya Lubumbashi na ya Kisangani, zikawa moja: UNAZA. Fakilte zikagawanywa upya kati ya miji. Agronomia ikapelekwa Yangambi, kwenye kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikuwa wamekiendesha kwa jina la INEAC tangu 1933.

Basi kijana wa Alunguli avuke kwanza mpaka Kindu mjini, apande boti hadi Ubundu. Pale maporomoko yanafunga mto, anaingia treni kilometa 125 mpaka Kisangani. Halafu boti tena, karibu kilometa 100. Barua nayo ilipita humo humo. Ukifiwa, unapata habari matanga yamekwisha.

Baba mkubwa alisoma kule. Nilimuuliza alizoea namna gani. Akacheka: watu wa Maniema walipikia sufuria moja, na mgeni wa mwaka ule ndiye aliyesimulia habari za nyumbani, maana ametoka juzi. Yeye alisimulia mpaka habari zikamwishia. Usiku ule, anasema, ndipo alifungua daftari kwa mara ya kwanza.