Ukipotea msitu wa Udzungwa, usikimbilie kufuata mto

Ushauri maarufu kwa aliyepotea porini ni mmoja: tafuta maji, fuata mkondo, utafika kwa watu. Kwa anayepotea kwenye milima iliyo juu ya Mngeta, mkoani Morogoro, huo ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumuua.

Sababu ni umbo la milima yenyewe. Udzungwa inashuka ghafla kwenye Bonde la Kilombero, na mito inayotoka huko juu haishuki taratibu. Maporomoko ya Sanje, yanayojulikana zaidi na wageni, yana urefu wa takriban mita 170. Yapo pia madogo mengi. Mtu anayeteremka ndani ya korongo huyagundua akiwa tayari ukingoni, kwenye mawe yenye utelezi, na kupanda kurudi alikotoka ni kugumu kuliko alivyoshuka.

Kinachofaa zaidi ni kushuka kwa kufuata mgongo wa mlima, ule mwinuko unaotenganisha korongo moja na jingine, huku sauti ya maji ikikusaidia kujua korongo liko wapi ili ulikwepe.

Bonde liko upande gani?

Hapa wageni wa Mngeta wana bahati ambayo wengi hawaijui. Ukuta wa milima unatazama kusini mashariki. Chini yake, kwa urefu wote kati ya Ifakara na Mlimba, inapita reli ya Tazara na barabara, na pembeni yake kuna vijiji na mashamba ya mpunga. Anayeshuka kutoka kwenye uso huo wa mlima kuelekea kusini mashariki hatimaye atakutana na kimojawapo.

Asubuhi, jua likiwa mbele yako kidogo kushoto, unaelekea bondeni. Mchana jua likiwa utosini halisaidii chochote. Jioni linatakiwa kuwa nyuma yako, lakini usilitegemee sana, kwa sababu linajificha nyuma ya milima mapema kabla halijazama kweli. Ndiyo maana upande huu giza huingia haraka. Huko bondeni watu bado wanaendelea na shughuli zao, wewe kwenye saa 11 jioni huoni vizuri mizizi unayoikanyaga.

Kanuni hii ina mpaka wake. Inafanya kazi kwenye uso wa mlima unaotazama Kilombero tu. Ukishavuka ukingo wa juu na kuingia ndani, upande wa Kilolo, au ukiwa ndani kabisa ya bonde la Mto Mngeta, mteremko unaweza kukupeleka kwingine kabisa. Huko kutulia ni bora kuliko kubahatisha.

Kaa au tembea?

Swali hili ndilo huamua mengi, na jibu lake linategemea jambo ulilofanya kabla ya kuondoka: kuna mtu anajua uko wapi?

Kama yupo anayejua njia uliyochukua na saa uliyotakiwa kurudi, kaa. Watakaokutafuta wataanzia hapo, na kila kilomita unayotembea inaongeza eneo wanalotakiwa kulipekua. Piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Mara tatu ni ishara inayotambulika duniani ya mtu anayeomba msaada, na filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka kupiga kelele.

Kama hakuna anayejua, basi una sababu ya kushuka, lakini mchana tu. Usiku usitembee. Tembo na nyati wapo, na maporomoko hayaonekani.

Kiutaratibu, hali ya kutojulikana uliko isitokee kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, hutembelewa kwa miguu, na wageni huongozana na muongozaji kutoka lango la Mang'ula. Upande wa Mngeta, misitu ya asili iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS): Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero na ile ya Uzungwa Scarp, bonde la Mngeta likiwa katikati. Huko nako unahitaji kibali. Wengi huona muongozaji ni gharama ya ziada, lakini ukweli ni kwamba unamlipia mtu anayejua mgongo upi unafika chini.

Msitu huu si wa kuuchukulia poa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waligundua aina mpya ya kwale huku Udzungwa baada ya kuona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mchuzi kambini. Kipunji, kima mkubwa wa rangi ya kahawia, anaishi pia kwenye msitu wa Ndundulu na sayansi ilimtambua mwaka 2005 tu. Kama mnyama wa ukubwa huo alijificha miaka yote hiyo, mtu mmoja mwenye fulana ya kijani hatafutwi kirahisi. Vaa rangi inayoonekana, ila si bluu wala nyeusi, maana hizo huvuta mbung'o.

Simu yako ina kazi tatu

Kwanza, GPS na dira vinafanya kazi bila bando wala mtandao. Pakua ramani ya eneo ukiwa bado Ifakara, ukifika msituni utakuwa umechelewa.

Pili, pale mtandao unaposhika kwa kusuasua, simu ya sauti hukatika lakini meseji ya kawaida inaweza kupenya. Andika fupi: jina, uko wapi, mko wangapi, nani kaumia. Jaribu ukiwa kwenye mgongo wa mlima, maana korongoni mtandao hushika kwa shida.

Tatu ni tochi, na hii ndiyo humaliza chaji. Washa hali ya ndege, zima kila kitu, iwashe simu kwa muda maalumu, mfano kila saa moja. Picha za maporomoko zitasubiri.

Usiku mmoja juu mlimani

Joto la bondeni hudanganya. Mtu hupanda na fulana moja, halafu usiku, akiwa ameloa mvua au jasho, anatetemeka. Baridi na nguo mbichi ni hatari ya karibu kuliko simba wa kufikirika.

Vua kilicholoa kama una kikavu. Usikae kwenye udongo, weka majani makavu ya kutosha chini yako, kwa sababu ardhi hunyonya joto la mwili. Kiroba kitupu cha mpunga, kitu kisichokosekana nyumba yoyote ya Mngeta, ukikijaza majani unapata godoro la dharura. Kabla ya kulala, kagua kama kuna msafara wa siafu. Na ukigusa upupu usijikune, utausambaza.

Moto ni kishawishi. Ndani ya hifadhi hauwashwi ovyo, na kipindi cha kiangazi, Juni hadi Oktoba, hata kichungi cha sigara kinaweza kuteketeza nyasi za mlimani. Wavutaji waache pakiti chini.

Masika, Machi hadi Mei, tatizo ni tofauti. Kijito ulichokiruka asubuhi kinaweza kukufika kiunoni mchana, hata kama uliposimama hakuna tone la mvua, kwa sababu imenyesha juu. Subiri kipungue. Hushuka karibu haraka kama kilivyopanda.

Ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na saa, tuliza kiungo kilichoumwa kwa kukifunga na kijiti kama mtu aliyevunjika, na mwenzako atafute watu wa kukubeba. Kutembea mwenyewe husaidia sumu kusambaa. Kituo cha afya kilicho karibu ndiko pa kuanzia, na Hospitali ya Mtakatifu Fransis iko Ifakara.

Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.