Kuvuta Maji Hadi kwenye Kabureta

Karatasi ya fundi ilikuwa na mistari minne. Tii 1, koki 1, klipu 4, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: KUVUTA MAJI KABURETA. Jirani yangu hapa Chamazi, mwenye Land Rover 109 Series III anayoipenda kuliko nyumba yake, aliisahau mezani. Mkewe akaisoma, akauliza kama siku hizi watu wa maji wanafika mpaka kwenye magari.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri vitabu vya maelekezo ya mashine. Niliwahi kukaa siku mbili na sentensi ya Kiingereza inayoeleza jambo hilohilo, nikatoka na "usambazaji wa kipozi kwenye manifoldi ya kabureta". Sarufi haina kasoro. Lakini peleka gereji yoyote ya Mbagala uone watakavyokutazama.

Tatizo linaanza na kipozi. Neno limeundwa vizuri kutoka kupoza, ila linataja kazi badala ya kitu. Maji yakiwa ndani ya bloku yanapoza. Yakifika kwenye manifoldi yanapasha moto. Ukiandika kwamba kipozi kinapasha, msomaji anarudi nyuma kuangalia kama mchapaji amekosea. Mafundi hawana shida hiyo kwa sababu wao wanasema maji. Ile chupa yenye rangi ya kijani wanaiita kulanti inapokuwa dukani. Ikishamiminwa kwenye rejeta inakuwa maji tu: maji yamepungua, maji yanavuja, hebu cheki maji.

Lakini kwa nini mtu apashe moto kabureta, tena Dar es Salaam? Petroli ikipita pale inageuka mvuke, na kila kinachogeuka mvuke kinakinyang'anya kilicho karibu joto lake. Ndiyo maana spiriti ya nesi inakupa baridi kabla sindano haijaingia. Injini huchanganya kilo 1 ya petroli na takriban kilo 15 za hewa; petroli yote ikigeuka mvuke, mchanganyiko huo unaweza kushuka zaidi ya sentigredi 20. Asubuhi moja ya Julai nilimkuta jirani amefungua boneti, injini inaunguruma. Manifoldi ilikuwa inatoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji, matone yanadondoka kabisa, na sentimita chache chini yake ekzosi haigusiki. Hilo jasho ni unyevu wa hewa ya hapa kwetu. Hewa ikiwa baridi zaidi, unyevu ulio ndani ya koo la kabureta unaganda kuwa barafu, na petroli isiyogeuka mvuke inateleza kwenye kuta za manifoldi badala ya kwenda na hewa. Gari linakohoa, halishiki sailensa: ukiondoa mguu kwenye mafuta linazima.

Kiwandani Land Rover hiyo haikuhitaji maji. Manifoldi ya kuingizia hewa ilifungwa juu ya ile ya ekzosi, chuma kwa chuma, ili moshi upashe sakafu yake pale petroli inapoangukia. Ya jirani ilipasuka. Akachomelewa ekzosi mpya ya mabomba manne, ikapendeza, na mlio ukawa wa kuringia. Ila manifoldi mbili zikaachana, na joto likaondoka na talaka hiyo. Range Rover za V8 zilikuwa na hali hiyo tangu kuzaliwa: ekzosi ziko pembeni, manifoldi ya hewa imekaa katikati, hivyo wahandisi wakapitisha maji ndani yake. Volkswagen ya mgongo wa duara haina maji hata tone, basi ikapewa kibomba cha moshi chini ya manifoldi. Na Peugeot 404 ambayo Bert Shankland na Chris Rothwell walishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967 haikuwa na kabureta kabisa. Petroli ilipulizwa karibu na vali, manifoldi ikabaki na hewa tupu.

Sasa kuvuta. Kiingereza hapa kina kitenzi kilichotokana na jina la Kilatini la risasi, madini ambayo Warumi walitengenezea mabomba. Sisi tuna kitenzi cha mtaani. Chamazi kuvuta maji ni kuyatoa kwenye bomba kubwa, kuchimba mfereji, kuweka tii na koki, mpaka yafike uani kwako. Chanzo kimo, njia imo, hata fundi yumo. Nilipoliona neno lile kwenye karatasi niliona aibu kidogo kwa siku zangu mbili.

Hata hivyo lina upungufu mmoja. Maji ya nyumbani yakishavutwa yanaishia kwenye ndoo, hayarudi. Ya injini lazima yarudi. Fundi alichonga mfereji ndani ya bamba la alumini, akalifunga chini ya manifoldi mahali moshi ulipokuwa ukipiga. Maji ya moto aliyatoa kwenye njia ya hita, iliyozibwa miaka mingi (nani anawasha hita Chamazi?), na baada ya kupita kwenye bamba akayaelekeza upande ambao wota pampu inavuta. Ukiunganisha ncha zote mbili kwenye presha moja, maji yanasimama na bamba linabaki baridi. Nikamuuliza ile mipira miwili anaitaje.

"Huu wa kuvuta, huu wa kurudi."

"Wa kurudi hauna jina?"

"Si ndiyo hilo mzee, wa kurudi."

Nimeandika kuvuta na kurudisha maji, na nimesahihisha daftari langu. Manifoldi nimeiacha ilivyo. Niliwahi kupendekeza panda, kwa kuwa bomba moja linagawanyika kama njia panda. Fundi alidhani nasema manati.

Ile koki haikuwekwa kwa pambo. Mchanganyiko ukipashwa sana unatanuka, silinda zinapata kidogo, nguvu inapungua. Na katika foleni ya Rangi Tatu saa nane mchana petroli inaweza kuchemka yenyewe ndani ya kabureta, hapo joto la nyongeza ni uchokozi. Kwa hiyo hapa mjini inafungwa. Jirani aliondoka nayo ikiwa imefungwa, kwenda Njombe, karibu mita 2,000 juu, mwezi ambao umande wa huko hugeuka barafu kwenye majani. Alfajiri akapiga simu kutoka Makambako, gari linakohoa, mkono uko kwenye koki na hajui aizungushe wapi.

"Ya kwako ya uani ukitaka maji unaifanyaje?" nikamwuliza.

Nikasikia kimya kidogo, kisha sailensa ikatulia.